Mkono wa Mzee Kibwana

Besi ndiyo iliyomfikia kwanza. Pili alikuwa bado hajaliona duka, hajaiona hata kona ya soko, aliposikia ile sauti nene ikipita chini ya kelele za wauza mitumba kama mtu anayesukuma kabati katika nyumba ya jirani. Miguu ilisimama yenyewe. Ulikuwa wimbo wa baba yake, ule wa mvua ya Mlali, unaoanza kwa besi peke yake kabla magitaa mengine hayajaingia.

Alitabasamu. Kisha tabasamu likamkauka usoni. Aliyekuwa akipiga hakuwa baba yake.

Ilikuwa Jumamosi asubuhi, mwaka 1997, na mjini Morogoro kila mwenye kibanda alikuwa amejipatia spika. Bidhaa zilikuwa zimefunguliwa milango, redio za watu binafsi zimeanza kusikika, na kelele imekuwa dalili ya maendeleo. Pili aliifuata sauti mpaka kwa Halidi muuza kaseti, kijana mcheshi aliyesoma naye shule ya msingi.

"Dada Pili! Karibu. Unaona mwenyewe, mzee tumemzika juzi tu, leo anawachezesha wauza nyanya."

"Kaseti hiyo umeitoa wapi?"

"Kwa Faraja, Kilakala. Halali kabisa. Safari hii hata polisi akinikamata ataniachia na kuniomba radhi."

"Besi kapiga nani?"

Halidi akamgeuzia jalada. Ilikuwa picha ya baba yake, kofia imelala upande, na chini yake maandishi: Besi, Mzee Kibwana.

"Siye," Pili alisema.

"Picha siye?"

"Mkono siye. Baba alipiga kwa dole gumba. Noti yake ilifika kama mtu mnene anayeketi kwenye kochi. Huyu anagonga nyuzi kwa kipande cha plastiki. Sikiliza: tik, tik, kabla ya kila noti."

Halidi aliinamia spika, akasikiliza, akapandisha mabega. "Mimi nauza kaseti, dada, sipigi besi. Siku ya mazishi nilikuwa shimoni na sepetu, viganja vyangu bado vina malengelenge. Ukitaka ugomvi, Faraja yuko kwake."

Pili hakutaka ugomvi. Alitaka kitu kimoja tu: mkono wa baba yake. Mzee Kibwana alikuwa amepiga besi maisha yake yote katika bendi ya kiwanda cha magunia, na bendi ile haikuwahi kurekodiwa hata kanda moja. Kiwanda kilipouzwa kwa mwekezaji, bendi ilivunjwa, na mzee akaondoka na gitaa lake badala ya kiinua mgongo, akarudi Mlali chini ya milima kulima nyanya. Rekodi alizozifanya mwaka huu kwa Faraja ndizo zilikuwa za kwanza na za mwisho. Kama mkono wake haumo humo, basi haupo popote duniani.

Na kulikuwa na neno jingine lililomkaa Pili kooni. Tangu mzee arekodi, mji mzima ulikuwa ukisema mikono yake imekwisha. Faraja ndiye aliyesema: noti za mzee hazilingani, moja inapiga kelele, nyingine inazama, vidole vimezeeka. Mzee alisikia, akalipandisha gitaa juu ya kabati. Pili naye, kwa kumhurumia, alimwambia, "Baba, umepiga vya kutosha, pumzika." Sasa angetoa chochote kuyameza maneno yale.

*

Studio ya Faraja ilikuwa chumba kimoja cha nyumba ya kupanga, Kilakala. Kuta zilibandikwa trei za mayai na magodoro mawili ya zamani. Katikati ya sakafu kulikuwa na alama ya chaki, na juu yake umesimama mlingoti wa maiki. Pembeni kulikuwa na spika ya gitaa na, mezani, mashine ndogo ya kurekodi yenye njia nne, ambayo Faraja aliifuta vumbi kwa kitambaa laini kama mtu anayemfuta mtoto pua.

Alikuwa kijana mrefu, mtoto wa mwalimu kutoka Singida, mwenye maneno mengi na mikono isiyotulia.

"Ni yeye, dada Pili," alisema bila kusita. "Nimemsawazisha tu."

"Kumsawazisha ndiyo kufanyaje?"

"Noti za mzee zilikuwa kama ngazi mbovu. Moja juu, moja chini, nyingine haipo. Studio kubwa za Dar wana kifaa cha kubana sauti, kinashusha kikubwa na kuinua kidogo. Mimi kifaa changu ni hiki." Alionyesha kidole cha shahada, kisha akakiweka juu ya kitufe cha kutelezesha sauti. "Noti kubwa ikija, nashusha. Ndogo ikija, napandisha. Wimbo mzima. Nimeurudia mpaka kidole kikaukariri kuliko Sala ya Bwana."

"Na hiyo tik, tik?"

"Ndiyo ubaya wa kusawazisha. Ukiinua kilichozama, kinainuka na tope lake. Vikwaruzo vyote vinatoka hadharani."

Yalikuwa maelezo mazuri. Pili akaomba kusikiliza. Faraja akamletea hedifoni, na alipokuwa akimvisha alicheka kidogo, kicheko cha mtu aliyekumbuka kitu kizuri.

"Mzee hakuwahi kuzivaa hizi sawasawa. Sikio moja tu! Anaibana kwa bega, kichwa upande, sikio la pili liko wazi. Eti anataka kuusikia uzi wenyewe, siyo waya."

"Nyumbani hakuwa nazo," Pili alisema.

"Angezitoa wapi! Hapa ndipo alipoziona mara ya kwanza."

Wimbo ukaanza. Noti zilipita moja moja, sawasawa, kama wanafunzi wa Kilakala kwenye mstari wa asubuhi. Nyuma yake ulisikika mvumo wa kanda, ule wa shhh unaokuwa katika kaseti zote, umetulia tuli. Pili alikuwa mpokea simu katika ofisi moja ya serikali. Kazi yake ilikuwa kukaa mbele ya nyaya kutwa nzima akiunganisha watu. Mtu wa Ngerengere akisikika kwa mbali, unamwongezea sauti. Lakini humwongezei yeye peke yake. Unaongeza na mvumo wa waya, na ndege aliyekaa juu ya waya.

Alizivua hedifoni taratibu.

"Kanda ya kwanza kabisa iko wapi? Kabla hujasawazisha."

"Nimerekodi juu yake. Kanda ni ghali, dada." Faraja aliangalia chini. "Ningejua atakufa, nisingefanya."

*

Kulikuwa na kaseti moja zaidi, Mlali, nyumbani kwa mama. Pili aliiona kwa macho yake ndani ya redio ya baba siku alipofika msibani, kabla maiti haijatoka.

Mama yake, Bi Mwanaasha, alikuwa ndani akikaa eda, mlango wa mbele umefungwa nusu. Ukungu ulikuwa umeshuka kutoka Uluguru mpaka kwenye migomba nyuma ya nyumba.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mbona uso hivyo?"

"Ile kaseti ya baba iko wapi?"

"Imo redioni. Haijatolewa tangu alipoiweka yeye."

Pili alibonyeza kitufe. Kidirisha kikafunguka. Ndani hamkuwa na kitu.

Bi Mwanaasha akashika kifua. "Redio hiyo haijaguswa na mtu! Labda siku ya mazishi. Mtani aliichukua, lakini si alirudisha?"

Katika mazishi ya Waluguru, mtani ana ruhusa ambayo hata mtoto wa marehemu hana. Anavaa nguo za aliyekufa, anamwigiza mwendo na kikohozi, anabeba vitu vyake akidai ndiye mrithi, na harudishi mpaka apewe chochote. Hakuna anayemuuliza. Anayekasirika ndiye anayechekwa.

"Mtani gani, mama?"

"Kijana mrefu, kajipaka unga uso mzima. Kavaa koti la baba yako na kofia yake, gitaa begani, redio kwapani, anachechemea vile vile. Tulicheka huku tunalia. Hata wewe alikuigiza."

"Mimi?"

"Ulikuwa chumbani umelala kwa machozi. Alichukua kifuu cha nazi akakibana sikioni kwa bega, kichwa upande, huku vidole vinapiga gitaa. Wanawake wakapiga vigelegele: huyo ni Pili na simu zake!"

Pili hakucheka. "Ni mtani wa kwetu au wa upande wa baba?"

"Wa kina Hatibu, bila shaka. Kwetu simfahamu."

Hatibu, mdogo wake marehemu, alikuwa shambani akinyunyizia nyanya dawa. Alipoulizwa, alishangaa.

"Yule? Si mtani wenu nyie, wa upande wa mama yako? Mimi nilimpa kuku ili arudishe gitaa."

"Mama anasema ni wa upande wenu, baba mdogo."

Hatibu aliitua pampu ya dawa chini. Alitazama migomba, akatazama barabara, akamtazama Pili.

"Basi," alisema polepole, "tumempa kuku mtu asiye mtani wa yeyote."

Jioni ile Pili alikaa na mama yake jikoni, wakichambua mboga. Akauliza kwa sauti ya chini, "Kaseti yenyewe ilikuwa ya nini? Ile aliyopewa na Faraja?"

"Faraja hakumpa kaseti. Hiyo alijirekodi mwenyewe, hapo barazani, kwa redio hiyo hiyo. Gitaa lilikuwa limekaa juu ya kabati wiki nzima, siku hiyo akaliteremsha. Akapiga. Akasikiliza. Halafu, Pili, akacheka peke yake kama mwendawazimu. Akabeba redio akaenda nayo dukani kwenye simu. Alisema anakupigia wewe, na akitoka hapo anampigia Faraja."

Kisu kilisimama mkononi mwa Pili. Aliikumbuka simu ile. Baba yake alisema, "Sikiliza hii, mwanangu," kisha hakusema tena. Alisikia kuku. Alisikia kukwaruza, kama panya ndani ya boksi. Taa nyingine zilikuwa zinawaka ubaoni, watu wanangoja kuunganishwa. "Baba, laini mbovu, sisikii kitu," alimwambia. "Nitakuja mwisho wa mwezi." Mwisho wa mwezi alikuja kuzika.

*

Aliyebaki ni Salimu. Alikuwa mpiga gitaa la solo katika nyimbo zile, na mji mzima ulijua hapigi bila kipande chake cha plastiki. Pili alimkuta kwenye baa moja ya mjini, mchana, akifunga nyaya kwa ajili ya onyesho la jioni.

"Siku ya baba kuzikwa ulikuwa wapi, Salimu?"

"Ngerengere. Harusi ya mwanajeshi. Tuliondoka na vyombo alfajiri. Roho iliniuma, dada, lakini bendi ilikuwa imeshalipwa. Muulize bwana harusi, mimi ndiye niliyemkanyagia bibi harusi shela."

Alikuwa mfupi, tena mnene. Unga hata gunia zima usingemfanya mrefu. Pili akaliacha hilo.

"Na besi ya wimbo wa mvua? Umeipiga wewe."

Salimu aliendelea kuuzungusha waya mkononi, mzunguko baada ya mzunguko, mpaka waya ukaisha.

"Faraja aliniambia mzee mwenyewe amekubali," alisema. "Kwamba ameona vidole vimemshinda, ameomba nimsaidie, ila nisimtaje ili asiaibike. Mimi besi nilifundishwa na mzee, dada. Ningekataaje kumsitiri mwalimu wangu?"

"Ulipigia chumbani mwa Faraja?"

"Koridoni. Spika koridoni, maiki koridoni. Alisema chumbani kuna joto."

"Mwezi wa saba? Joto, Morogoro?"

Salimu aliutua waya chini. "Hata mimi nilivaa sweta," alisema.

"Ilikuwa kabla ya baba kufa, au baada?"

"Kabla. Kama wiki moja kabla." Macho yalikuwa yamemlowa. "Kwani mzee hakuomba?"

Pili alimwambia tu, "Jumapili mchana, baada ya watu kutoka kanisani, uje Kilakala. Njoo na mikono yako. Gitaa nitaleta mimi."

*

Jumapili chumba cha Faraja kilijaa. Hatibu alikaa kwenye kiti pekee kilichokuwapo, fimbo katikati ya magoti. Halidi alisimama mlangoni. Alikuwa amekuja na boksi lake la kaseti, kwa sababu Pili alimwambia asiuze nyingine mpaka waongee. Salimu alishika gitaa la Mzee Kibwana kama mtu aliyekabidhiwa mtoto wa watu. Faraja alitabasamu kwa kila mmoja, na hakuna aliyemrudishia.

"Dada Pili, kama ni mambo ya jalada tutarekebisha."

"Washa spika," Pili alisema. "Iweke pale pale ilipokuwa baba alipopiga. Salimu, tumia dole gumba. Piga noti za chini, moja moja, kwa nguvu ile ile. Baba mdogo, simama hapo kwenye chaki."

"Mimi sijui muziki," Hatibu alisema.

"Masikio unayo. Inatosha."

Salimu akapiga. Noti ya kwanza ilijaa chumbani mpaka glasi ikatetemeka mezani. Ya pili ikawa ya kawaida. Ya tatu, Hatibu alikunja uso.

"Mbona umeacha kupiga?"

"Napiga, mzee."

"Sisikii."

"Sogea pale kwenye kona, baba mdogo," Pili alisema.

Hatibu alikokota miguu mpaka kwenye kona, na uso wake ukabadilika. "Lahaula! Huku imejaa tele!" Akarudi kwenye chaki. "Hapa haipo." Akaenda tena konani, akarudi, kama mtoto aliyegundua mlango wa siri. "Ipo. Haipo. Ipo. Huu ni uchawi gani?"

"Si uchawi. Ni chumba," Pili alisema. "Chumba kidogo, kuta nne zimekaribiana, sauti nene inagonga na kurudi. Mahali pengine inajirundika, mahali pengine inajimeza. Maiki ilisimama mahali inapojimeza. Salimu, toka na spika koridoni urudie."

Walimsaidia kutoa spika. Koridoni noti zote zikatoka sawa, nene, za mkono mmoja. Hata jirani aliyekuwa akifua uani aliacha kufua.

Faraja alikuwa ameketi sakafuni. Hakuna aliyemwona anaketi.

"Uliniambia umesawazisha kwa kidole," Pili aliendelea. Sauti yake ilikuwa ya kazini, tulivu, isiyo na haraka. "Mwanzo wa wimbo besi iko peke yake. Kama kila noti ndogo ungeipandisha, mvumo wa kanda ungepanda nayo, ukishusha ungeshuka. Haukucheza hata kidogo. Hukusawazisha kitu. Ulimfuta baba ukamweka Salimu. Na ukamweka koridoni, maana yake ulikuwa umeshajua chumba ndicho kibovu. Ulijua baba akiwa hai."

"Dada..."

"Sijamaliza. Mazishini alikuja mtani. Mama anadhani ni wa kina baba mdogo, baba mdogo anadhani ni wa kina mama. Huyo mtani alimwigiza baba akipiga gitaa huku amebana kifuu sikioni. Wote walidhani ananiigiza mimi na simu. Lakini nani hapa duniani alimwona Mzee Kibwana amebana kitu sikioni kwa bega huku anapiga? Mlali hakuna hedifoni. Hata mama hajawahi kuona."

Hatibu alikuwa wa kwanza kuelewa. Fimbo ilianza kuinuka.

"Baba mdogo, kaa," Pili alisema.

"Kuku wangu," Hatibu alisema kwa sauti iliyotetemeka. "Kuku wangu wa kufuga ulimfanya nini, wewe?"

"Nilimla, mzee," Faraja alisema. "Nisamehe."

Halidi alicheka mlangoni, mara moja, kisha akajuta. Faraja aliyafunika macho kwa viganja.

"Alinipigia simu. Alisema, Faraja, nimejirekodi kwa redio ya kawaida barazani, noti zote zipo. Chumba chako ndicho kinachokula, siyo vidole vyangu. Njoo usikilize. Nikamcheka. Kisha nikashindwa kulala, nikajaribu koridoni. Alikuwa sahihi."

"Ungemwita arudie."

"Nimwiteje? Nilishauambia mji mzima kwamba mikono yake imekwisha. Na kila bendi iliyorekodi humu ingerudi kunidai besi yake. Nimeuza shamba la mama yangu kununua hii mashine, dada. Nikasema nitampigisha Salimu besi kimya kimya, wimbo utoke, mzee apate sifa yake, mambo yatapoa. Halafu nitamwambia ukweli polepole."

"Polepole," Pili alirudia.

"Nilikuja mazishini kumwomba radhi."

"Maiti?"

Faraja aliinamisha kichwa. "Nilifika nikaona watani wanacheza na vitu vyake. Nikaiona redio, kaseti imo. Nikawaza, wanamuziki watakuja arobaini, mtu ataiwasha, wote watasikia. Unga ulikuwa pale kwenye sinia. Sikupanga, dada. Nilijipaka tu. Na nilipoanza kumwigiza nilimwigiza vizuri, kwa sababu nilimpenda. Hilo ndilo linaloniua."

Salimu aliufuta uso kwa mkono wa shati. "Ungeniambia, Faraja. Mimi nimemkalia mwalimu wangu juu ya mkono."

"Iko wapi?" Pili aliuliza.

Faraja alijivuta mpaka ukutani, akaingiza mkono nyuma ya godoro, akatoa kaseti. "Nilitaka kuifuta. Kila nikiiweka kwenye mashine, naishia kuisikiliza."

Aliiweka. Mvumo ulianza, mwingi, wa redio ya bei nafuu. Kuku. Kisha besi: nene, imelala sawasawa kutoka noti ya kwanza hadi ya mwisho, dole gumba likiziketisha moja moja bila haraka. Katikati ya wimbo sauti ya Bi Mwanaasha ilisikika kwa mbali ikiita chakula kipo tayari, na besi haikukatika. Mwishoni kiti kikalia, mtu akasogea karibu na redio, akacheka.

"Pili," ilisema sauti ya Mzee Kibwana. "Haya, hivi ndivyo vidole vilivyokwisha."

Pili alishika ukingo wa meza. Simu haibebi besi. Yeye alilijua hilo kuliko mtu yeyote mle chumbani. Miaka yote alikuwa amesikia sauti za wanaume wanene zikifika nyembamba kwenye waya. Baba yake alikuwa amesimama dukani, redio ameielekeza kwenye mdomo wa simu, akingoja binti yake ashangilie. Na yeye akasikia kukwaruza tu. Angesema tu, "Sema, baba, ni nini hiyo?" Angengoja kidogo. Taa zile za ubaoni zingeendelea kuwaka, hakuna ambaye angekufa.

Halidi alilisukuma boksi lake katikati ya chumba kwa mguu. "Hizi siuzi tena," alisema. "Na zile zilizokwisha kutoka, nitawaambia walionunua kwamba siye mzee."

"Mimi nitasema," Faraja alisema. "Redioni, kwa jina langu. Nitasema chumba kilikuwa kibovu na mimi nilikuwa mwongo."

"Utasema," Pili alisema. Hakuwa na hasira tena, na hilo lilimuumiza zaidi. Hasira ingemshika mkono kidogo. "Utasema na Mlali, mbele ya mama. Kisha utafanya kazi."

*

Siku Pili aliporudi Mlali, mama yake alikuwa pale pale, mlango umefungwa nusu. Nje, uani, Faraja alikuwa amechuchumaa mbele ya Hatibu, kuku wawili wamefungwa miguu pembeni yake, akirudia maneno yale yale aliyoyasema mlangoni kwa Bi Mwanaasha muda mfupi uliopita. Hatibu alikuwa akiwatazama zaidi wale kuku.

Pili aliirudisha kaseti ndani ya redio, akabonyeza. Bi Mwanaasha alisikiliza akiwa ameshika ncha ya khanga mdomoni. Aliposikia sauti yake mwenyewe ikiita chakula, aligeukia mlango wa jikoni kana kwamba kuna mtu kule.

"Alichelewa kuja kula siku hiyo," alisema. "Nilimgombeza."

"Mama, Salimu na wenzake watapiga upya vyombo vyote. Safari hii baba ndiye anatangulia. Wao watamfuata."

"Kwa kaseti hii hii?"

"Hii hii."

Bi Mwanaasha aliitazama redio. Besi ilikuwa inamalizika.

"Na huyo kijana wa nje, atamsawazisha tena?" aliuliza. "Na hao kuku wa kwenye kaseti, na mimi ninavyopayuka? Si watatufuta?"

Pili alishuka kwenye mkeka, akaushika mkono wa mama yake kwa mikono miwili.

"Nakuahidi, mama," alisema, kwa sauti iliyofika mpaka uani. "Noti ya baba haitapandishwa wala kushushwa na kidole cha mtu. Kuku watabaki. Na pale unapomwita aje kula, utaendelea kumwita."